Ruhusa Iko Mkononi mwa Nani?

Kila nchi ina mlango, na kila mlango una mwenyewe. Yeye aingiaye katika nyumba ya mwenzake hupiga hodi. Yeye aingiaye katika nchi ya wengine huonyesha karatasi. Hakuna mtu mwenye akili anayekataa jambo hilo. Basi hatuandiki hapa ili kuzilaumu serikali kwa sababu zinadai vibali. Twataka kuuliza neno jingine, lililo gumu zaidi: kibali cha kukaa na kufanya kazi kikiisha kutolewa, nani akishike? Serikali iliyokitoa? Mtu mwenyewe aliyekipata? Ama bwana aliyemwajiri?

Swali hili haliko mbali nasi. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wamezoea kwenda Dubai kununua mali. Hao hukaa siku chache, wakarudi. Lakini majirani zetu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Burundi huenda katika nchi za Ghuba kufanya kazi miaka na miaka: wengine walinzi, wengine shofere, wengine wajenzi, na wanawake wengi ni watumishi wa nyumba. Uganda ilifanya mapatano na Saudia mwaka 2015. Mwaka 2016 ikakataza watumishi wa nyumba wasiende, kwa sababu ya mateso yaliyosikika. Kisha ikaruhusu tena mwaka 2017. Burundi nayo ilipatana na Saudia mwaka 2021. Kwa hiyo vijana wanaosikia habari za mishahara ya huko ni watoto wa jamaa zetu, nao wanasema lugha yetu.

Kwanza yafaa kueleza mambo jinsi yalivyo. Nchi za Ghuba zilizoungana katika baraza moja tangu 1981 ni sita: Saudia, Kuwait, Bahrain, Qatar, Falme za Kiarabu na Oman. Katika nchi hizo mgeni wa kawaida hajiombei kibali cha kazi. Bwana atakayemwajiri ndiye anayemwombea. Kabla ya safari mgeni hupimwa damu, na kifua chake hupigwa picha; akionekana ana kifua kikuu au virusi vya UKIMWI, safari imekwisha. Kama ana cheti cha shule, cheti hicho hupelekwa katika ofisi za serikali ya kwao, halafu kwa ubalozi, halafu kwa wizara ya huko aendako, na kila muhuri una bei yake. Akiisha kufika hupimwa tena, hutiwa alama za vidole, ndipo hupata kitambulisho cha ukaaji.

Bila kitambulisho hicho hawezi kufungua hesabu katika benki, hawezi kupanga nyumba kwa jina lake, hawezi kupata ruhusa ya kuendesha motokari. Kibali cha ukaaji ni kama uzi unaoshika shanga zote. Ukikatika uzi, shanga zote zamwagika.

Na uzi huo umefungwa kwa mtu. Waarabu huita desturi hiyo kafala, yaani dhamana; na mdhamini huitwa kafili. Wazo la kwanza la dhamana si baya hata kidogo. Ni heshima kwa mwenyeji kusema mbele ya watu: «Mgeni huyu ni wangu, akikosa, mniulize mimi, akiumwa, nitamtunza.» Wazee wetu nao walijua desturi hiyo. Mgeni asiye na mwenyeji hakuwa na mtu wa kumtetea barazani.

Lakini wazee walisema pia: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuyafikiri maneno hayo. Mgeni akiisha kushika jembe, amekuwa mtu wa kazi. Anakula kwa jasho lake. Mwenyeji amempa jembe, lakini hakumfunga mguu. Aliyelima kutwa na kulipwa haki yake aweza kusema jioni: «Kwa heri, naenda kulima kwa jirani.» Jirani naye hatamwita mwizi.

Hapo ndipo kafala ilipoharibika. Katika nchi nyingi za Ghuba, kwa muda wa miaka mingi, mfanyakazi hakuweza kwenda kwa bwana mwingine pasipo barua ya bwana wa kwanza. Katika Oman, aliyeondoka bila barua hiyo alikatazwa kurudi nchini kufanya kazi kwa muda wa miaka 2. Katika Qatar hakuweza hata kutoka nchini pasipo ruhusa ya bwana wake. Tena bwana aliweza kupeleka habari kwa serikali kwamba mtu wake ametoroka. Habari hiyo ikipokelewa, kibali kilikufa, na mtu aliweza kukamatwa na kurudishwa kwao. Mtumishi aliyeacha nyumba kwa sababu hakulipwa miezi mitano, na mtumishi aliyeacha nyumba kwa sababu ameiba, waliitwa kwa jina moja: mtoro.

Twaona basi kwamba ziko karatasi za namna mbili. Iko karatasi inayoshuhudia, na iko karatasi inayofunga. Cheti cha mganga chashuhudia kwamba amejifunza kuponya. Ruhusa ya shofere yashuhudia kwamba ajua kuendesha bila kuua watu. Karatasi hizi zasema kweli juu ya mtu, nazo zawalinda wengine. Karatasi ya namna ya pili haisemi neno lolote juu ya mtu mwenyewe. Yasema tu: huyu ni wa fulani.

Wakati mwingine namna hizi mbili huchanganyika, na ni vigumu kuzitambua. Mwaka 2014 Kuwait iliweka masharti kwamba mgeni anayetaka ruhusa ya kuendesha motokari awe amekaa nchini miaka 2, awe na cheti cha chuo kikuu, na mshahara wa dinari 600 kwa mwezi. Kazi fulani zilisamehewa masharti hayo. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupunguza wingi wa motokari barabarani. Serikali yaweza kweli kupunguza motokari. Barabara ni zake. Lakini je, mshahara wajua kushika usukani? Karatasi iliyopaswa kushuhudia ufundi, hapo ilishuhudia mfuko.

Labda mtu atasema: «Hakuna aliyelazimishwa. Alitia sahihi kwa hiari yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.» Neno hili lina nguvu, nasi hatulidharau. Mtu mzima ana haki ya kuchagua kazi ngumu ili kuwasomesha watoto wake. Lakini tutazame vizuri hiari ni nini. Hiari si sahihi ya siku moja. Mtu anayebaki kazini kwa hiari ni yule ambaye leo, kama angetaka, angeweza kuondoka. Ukimfungia mlango, hutajua tena kama anabaki kwa sababu anapenda, au kwa sababu mlango umefungwa. Wewe mwenyewe uliyemfungia hutajua. Ndiyo sababu bwana mwema angepaswa kuwa wa kwanza kuuchukia ufunguo huo: unamnyima njia ya kujua kama yeye ni bwana mwema.

Mwingine atasema: «Bwana amelipa nauli, amelipa kibali, amelipa wakala. Mtumishi akiondoka baada ya mwezi mmoja, nani atarudisha fedha?» Twajibu: hasara hiyo ni ya kweli, na haki yadai isikilizwe. Lakini deni la fedha hulipwa kwa fedha, mbele ya hakimu, kwa hesabu inayoonekana. Halilipwi kwa mwili wa mtu. Sheria yenyewe ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika mwezi wa pili 2022, yakataza bwana kumtoza mfanyakazi gharama za kumleta, na kushika karatasi zake. Waliotunga sheria hiyo walijua kwamba pasipoti iliyofungiwa katika sanduku la bwana si dhamana tena, ni rehani.

Wa tatu atasema: «Serikali haiwezi kuwajua wageni wote. Lazima pawe na mtu wa kujibu kwa ajili ya kila mmoja.» Hapo twaomba wasomaji wafikiri habari moja. Mwaka 2019 Saudia ilianzisha kibali cha ukaaji kisichohitaji kafili. Bei yake ilikuwa riyali 100,000 kwa mwaka mmoja, ama 800,000 kwa kibali kisicho na mwisho. Kumbe, serikali yaweza kumjua mgeni bila mdhamini! Mwenye fedha alijibu kwa ajili yake mwenyewe. Sasa tufanye hesabu. Mtumishi apataye riyali 1,000 kwa mwezi, akiziweka zote bila kutuma hata moja kwa mama yake, angehitaji miezi 800. Ni zaidi ya miaka 66. Basi tusiseme kwamba mgeni hawezi kuaminiwa pasipo bwana. Tuseme kweli: maskini ndiye asiyeaminiwa.

Tusiwe waonevu lakini. Nchi hizo zimebadili mambo, na ni haki kuyataja. Qatar iliondoa ruhusa ya kutoka kwa wafanyakazi wengi mwaka 2018, na kwa watumishi wa nyumba mwanzo wa 2020. Mwaka huohuo wa 2020 iliondoa barua ya bwana kwa anayetaka kubadili kazi. Sasa yatosha kutoa habari mwezi mmoja mbele, ama miwili kama mtu amekaa zaidi ya miaka 2. Oman iliiacha barua ile tangu mwanzo wa 2021. Saudia ililegeza masharti mwezi wa tatu wa mwaka 2021, ingawa watumishi wa nyumba hawakuingizwa katika mpango huo ulipoanza. Twaona kwamba yule anayefanya kazi ndani ya nyumba, asikoonekana na watu, mara nyingi hufikiwa na sheria nyuma ya wengine wote. Naye ndiye anayeihitaji kuliko wote.

Na mgeni mwenyewe, hana wajibu? Anao. Kuna biashara inayoitwa visa huru. Mwenyeji mwenye haki ya kudhamini huuza jina lake. Mgeni huandikwa kuwa mtunza bustani wa mtu asiye na bustani, halafu huzunguka mjini akitafuta kazi yoyote. Wengi husema: ni njia ya maskini, si kosa. Sisi twasema uongo ni uongo, hata ukipigwa muhuri. Lakini mizani ya haki haiwapimi wote sawasawa. Anayeuza jina lake kwa kila mwaka, akikaa kivulini na kupokea fedha ya jasho la mwingine, ana kosa zito kuliko yule anayelinunua kwa njaa. Tena uongo huo humdhuru kwanza mnunuzi. Siku atakayonyimwa mshahara, atakwenda kushtaki kwa karatasi gani? Karatasi yake yasema analima bustani isiyokuwapo.

Sisi wa Kongo twapaswa kuyafahamu mambo haya upesi. Wakati wa Wabelgiji, mwenyeji aliyetaka kutoka katika wilaya yake kwa muda mrefu alihitaji ruhusa ya serikali, ingawa ilikuwa nchi ya babu zake. Mwaka 1948 ikaanzishwa kadi iliyoitwa carte du mérite civique, na mtu alichunguzwa mwenendo wake kabla ya kuipata. Walioipokea walijua uchungu wa kupimwa utu wao kwa karatasi. Lakini karatasi hizo zilitoka kwa serikali. Fikiri basi hali ya mtu ambaye ruhusa yake yatoka kwa yule yule anayemdai kazi, anayemlipa mshahara, na anayelala chini ya dari moja naye. Akionewa, mwenye kumwonea ndiye mwenye kalamu.

Twafupiza. Kibali chema hujulikana kwa mambo matatu. La kwanza, chalinda kitu cha kweli: afya, usalama, ama haki ya wenyeji. La pili, anayekitoa na kukiondoa hapati faida kwa kukishika. La tatu, mwenye kibali akionewa, yuko mtu wa kumsikiliza kabla hajafukuzwa. Kikikosa moja la hayo, kina kasoro. Kikikosa yote matatu, kimeacha kuwa kibali na kimekuwa kamba.

Kijana anayefunga mzigo aulize basi, kabla ya kuuliza mshahara ni riyali ngapi: pasipoti yangu itakaa wapi? Nikitaka kuacha kazi, nimwandikie nani? Asome mkataba katika lugha anayoifahamu, aache nakala kwa ndugu zake. Wakala asiyependa maswali hayo amekwisha kujibu.

Na sisi tunaobaki hapa tusiwanyoshee kidole Waarabu peke yao. Katika nyumba nyingi za miji yetu yuko msichana aliyeletwa kutoka kijijini kufanya kazi. Kadi yake iko katika kabati la nani? Mshahara wake wa miezi mitatu umewekwa na nani, «ili asitoroke»? Jambo hili halihitaji sheria ya Ghuba ili lirekebishwe. Lahitaji mwenye nyumba kufungua kabati.