Kuketi Meza ya Mvinyo na Glasi ya Juisi Mkononi



Ndugu msomaji, suala ninalolileta halimhusu mlevi. Mlevi ameandikiwa makala nyingi na khutba za Ijumaa hazijamsahau. Suala hili linamhusu Muislamu ambaye hanywi kabisa. Ana marafiki aliosoma nao sekondari, leo mmoja yuko benki, mwingine yuko kwenye shirika la misaada, na kila baada ya muda wanakutana katika mgahawa mzuri wa Kampala, au Kigali, au Nairobi, kwa jioni ya kuonja mvinyo na kula chakula cha usiku pamoja. Wanamwalika. Wanamwambia: wewe njoo tu, utakunywa juisi, sisi tunataka tuwe wote. Je, aende?

Najua wengi mmeshajibu kabla sijamaliza kuuliza. Jibu la haraka huenda likawa sahihi, lakini asiyejua kwa nini ni sahihi atakwama pale rafiki atakapomuuliza swali la pili. Na marafiki hawa wana akili, swali la pili watalileta.

Tukitazame kikao chenyewe kwa haki. Meza imetandikwa kitambaa safi, kila mtu amewekewa glasi tatu au nne. Mtaalamu wa mvinyo anasimama na kueleza zabibu zililimwa wapi, Stellenbosch ya Afrika Kusini au Bordeaux ya Ufaransa, zilivunwa mwaka gani, na mvinyo ulikaa kwenye pipa la mbao kwa muda gani. Wanamiminiwa kidogo. Wanatazama rangi, wanazungusha glasi, wananusa, wanapiga funda dogo na kulizungusha mdomoni, na baadhi yao hulitema kwenye chombo kilichowekwa kwa kazi hiyo. Kisha kila mmoja anasema alichokisikia: limau, tumbaku, ngozi, udongo ulionyeshewa. Samaki anakuja na mvinyo mweupe, nyama na mwekundu. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetukana mtu. Ukifananisha na baa ya nyuma ya stendi, ni dunia mbili.

Mtu anaweza kusema ujuzi huo wote ni maigizo. Lipo jaribio lililochapishwa mwaka 2001, ambapo wanafunzi wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno wanayoyatumia kwa mvinyo mwekundu. Linachekesha, lakini sidhani kama linatusaidia. Tuseme kesho jaribio jingine lionyeshe kwamba waonjaji wanajua wanachokisema, je, tutakubali mwaliko? Hoja yetu haikusimama hapo tangu mwanzo. Qur'an yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, imekubali kwamba katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Hatukuagizwa kuusingizia mvinyo. Ladha yake, biashara yake, furaha ya wanaokutana kwa ajili yake, vyote hivyo vinaweza kuwa kweli.

Ndipo linapokuja swali la pili. Suratul Maaida aya ya 91 inasema shetani anataka kutia uadui na chuki baina yenu kwa ulevi na kamari, na kuwazuia msimkumbuke Allah na msiswali. Rafiki anasema: "Basi njoo uone. Hapa pana uadui gani? Mvinyo huu ndio unaotukutanisha. Tusingekuwa na jioni hizi tungeshasahauliana zamani." Wala hasemi uongo.

Waliopita kwenye somo la usul al-fiqh watakumbuka tofauti ya illa na hikma. Illa ni ile sifa ambayo hukumu imefungwa nayo, ipo au haipo. Hikma ni heri ambayo hukumu inailenga. Msafiri anapunguza swala kwa sababu yuko safarini, na hikma yake ni kumwondolea mashaka. Lakini aliyepanda ndege akalala usingizi mpaka Jeddah anapunguza, na mpagazi wa sokoni aliyebeba magunia kutwa nzima mjini kwake hapunguzi. Hukumu imefuata safari, haikufuata uchovu. Katika mvinyo illa ni kulevya, na uadui na kusahau swala ndiyo mambo ambayo sheria inatukinga nayo. Kikao kimoja, au hata vikao mia, vikipita kwa amani, kinywaji hakijabadilika. Anayesema "sisi hatugombani" ameleta hikma mahali penye illa.

Na anayesema "sisi hatulewi" ameleta hoja ya zamani zaidi. Wanazuoni wa Kufa walibishana sana na wenzao juu ya nabidhi, na Ibn Qutayba, aliyefariki karne ya 3 Hijria, ameacha kitabu kizima kuhusu mjadala wa vinywaji. Abu Hanifa alikuwa na nafasi katika baadhi ya vinywaji visivyotokana na zabibu wala tende, kwa kiasi kisicholevya, na jamhuri ya wanazuoni wakakataa wakishika hadithi kwamba kinacholevya kwa wingi, hata kidogo chake ni haramu. Angalia mpaka wa khilafu hiyo ulipokuwa. Mvinyo wa zabibu haukuwemo. Hata huko Kufa, tone lake halikuwa na mtetezi. Kuhusu kutema, sisi wa madhehebu ya Shafii tunajua mvinyo ni najisi, basi aliyeutia mdomoni akautema bado ameweka najisi mdomoni kwa hiari yake.

Wenye asili ya Buganda, Rwanda na Burundi hili si geni kwetu. Maji ya ndizi yaliyokamuliwa leo ni kinywaji cha watoto, omubisi kwa Waganda, umutobe kwetu. Yakitiwa mtama yakafunikwa siku chache, yanaitwa tonto au urwagwa, na mezani kwa Muislamu hayakai tena. Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akirowekewa zabibu kavu, akanywa siku hiyo na inayofuata mpaka jioni ya siku ya tatu, kisha yaliyobaki yakamwagwa. Muslim amepokea hilo kutoka kwa Ibn Abbas. Mti ni ule ule na chungu ni kile kile, ila siku zimepita.

Sasa turudi kwa ndugu yetu mwenye juisi, maana yeye hanywi na haya yote hayamgusi moja kwa moja.

Tirmidhi na Ahmad wamepokea hadithi inayomkataza mwenye kumuamini Allah na siku ya mwisho kuketi kwenye meza inayozungushwa ulevi. Na katika tafsiri ya Suratun Nisaa aya ya 140, Qurtubi anataja kisa cha Umar bin Abdulaziz. Waliletwa kwake watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa mmoja wao amefunga. Fikiri: amefunga, hata maji hajaonja. Umar akamtia adabu pamoja nao na akasoma aya ile, inayokataza kukaa na wanaozifanyia mzaha aya za Allah mpaka waingie katika mazungumzo mengine, ambayo inamfananisha anayekaa na wale aliokaa nao. Kila nikikisoma kisa hiki namwona yule mwenye glasi ya juisi. Sisi tunadhani juisi ni udhuru, na huyu alikuwa na udhuru mkubwa zaidi.

Hata hivyo sioni kwamba kisa hiki kinafunga kila mlango. Wale walikuwa Waislamu waliokuwa wakiasi, na marafiki zetu wengi si Waislamu. Tena maisha ya mjini yana meza nyingi. Mfanyakazi anapelekwa na ofisi kwenye chakula cha wageni, na mgeni akaagiza bia. Umeketi mgahawani na meza ya jirani kuna chupa. Ndege inapitisha kigari cha vinywaji. Tukisema haya yote ni sawasawa, tumefanya dini iwe ngumu mpaka watu wataiacha yote, hata lile lililo wazi.

Mimi natumia kipimo hiki: uondoe mvinyo, kisha uangalie kama kikao kimebaki. Chakula cha wageni wa ofisi kinabaki. Arusi ya mwanafunzi mwenzako inabaki. Jioni ya kuonja mvinyo haibaki, kwa sababu mvinyo ndio mwenyeji, ndio uliotuma mwaliko, ndio unaozungumzwa kuanzia glasi ya kwanza mpaka ya mwisho. "Mazungumzo mengine" ambayo aya inayangojea hayatakuja usiku ule. Hapo ukikaa na juisi yako unakuwa msikilizaji wa darsa, na darsa ni ya kuupenda mvinyo.

Kuna na jambo la mfukoni ambalo watu hawalifikirii. Jioni hizi huwa na bei moja kwa kila kichwa, chakula na mvinyo ndani yake. Ukilipa, umelinunua funda la jirani yako hata kama glasi yako ina embe tupu. Vivyo hivyo bili ikigawanywa sawa kwa sawa mwishoni. Katika hadithi ya watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya ulevi, anayeketi hakutajwa. Mnunuzi ametajwa.

Basi haendi. Lakini nisingependa tuliseme hilo kwa wepesi, kama vile hakuna kinachopotea. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, na marafiki wa namna hii ninao. Wawili kati yao walichanga ada yangu ya muhula wa kwanza baba alipokuwa mgonjwa, na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Siwezi kusimama na kuwahesabu kama maadui ili kukataa kwangu kuwe rahisi. Wao wanakutana pale. Siri za mwaka, nani anaoa, nani amepoteza kazi, nani amefiwa, zote zinasemwa kati ya glasi ya pili na ya tatu, na asiyekuwepo anazipata zimepoa. Aliyekataa mialiko mitano, wa sita haumfikii.

Hapa namkumbuka Anas bin Malik (R.A.). Bukhari na Muslim wamepokea kwake kwamba siku ulevi ulipoharamishwa, yeye alikuwa mhudumu nyumbani kwa Abu Talha, akiwamiminia kinywaji cha tende Abu Talha, Abu Ubayda na Ubayy bin Ka'b. Mpiga mbiu akapita nje. Abu Talha akamwamuru Anas akimwage, na vichochoro vya Madina vikatiririka. Tunakisimulia kisa hiki kuonyesha utiifu, na ni kweli. Lakini tutazame pia kikao kilivyokuwa: nyumba ya rafiki, watu wema kuliko sisi, hakuna ugomvi uliotajwa. Katazo halikusubiri wagombane. Tena Abu Talha na Abu Ubayda ni wale ambao Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu, kwa mapokezi ya Anas huyo huyo. Kinywaji kilimwagwa na udugu ukabaki. Kipimo nilichokitaja hapo juu nimekitoa katika nyumba ile.

Kwa hiyo anayekataa meza ya wenzake ana deni la kutandika yake, na hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe. Mtu anakataa mwaliko kwa dalili tatu, kisha mwaka mzima hamwaliki rafiki yule hata chai. Au anamwalika kwenye hafla ya jumuiya, anamkalisha kiti cha plastiki nyuma, anampa soda ya moto na kumwacha asikilize mhadhara wa saa mbili. Wenzetu wanalipa pesa ili mtu awaeleze zabibu ilitoka kilima gani. Sisi kahawa ya Bugisu inalimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wapimaji wake huifanyia kazi ile ile: wananusa, wanavuta kwa kijiko kwa sauti, wanatema, wanaandika. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuiandaa vizuri mbele ya mgeni?

Atauliza mtu kama huko si kuiga. Ghazali katika Ihyaa amesema watu wakikusanyika wakapanga vyombo vya walevi, wakaweka mhudumu wa kuzungusha, wakanywa sharbati kwa adabu za ulevini, ni haramu ingawa sharbati ni halali. Ndiyo maana zile chupa za mvinyo uliotolewa kilevi, katika glasi zile zile na kwa maneno yale yale, hazinivutii. Lakini kahawa nayo ilipita kwenye tuhuma hii. Mwaka 1511 Kha'ir Beg aliipiga marufuku Makka, na moja ya malalamiko ilikuwa kwamba wanywaji wanazungushiana kikombe kama walevi. Amri kutoka Cairo ikalegeza marufuku hayo, na wanywaji wa kahawa wakajitengenezea adabu zao, mpaka leo hakuna anayemwona mzee wa baraza na kikombe chake akamkumbuka mlevi.

Tuanze na Jumamosi moja baada ya Isha. Kahawa ikaangwe pale pale mgeni aisikie harufu, tende ziwe za aina mbili au tatu ili pawepo la kulinganisha, na mkeka utoshe watu wanane. Mhadhara usiwepo. Mgeni aulizwe habari za kwao, na asikilizwe.