Ngano ya Mtu, Unga wa Nani?

AM2R ni mchezo wa video uliotengenezwa na shabiki wa Argentina, Milton Guasti, kwa programu ya GameMaker, bila malipo na bila ruhusa ya wenye mali, kampuni ya Nintendo. Kazi ilimchukua karibu miaka kumi. Aliutoa tarehe 6 Agosti 2016, siku mchezo wa kwanza wa Metroid ulipotimiza miaka 30 tangu utoke Japani. Ulikuwa ni Metroid II: Return of Samus uliosukwa upya, ule wa asili Nintendo iliutoa mwaka 1991 kwa ajili ya mashine ndogo ya michezo ya Game Boy. Siku chache baadaye tovuti zilizoubeba zilipokea madai ya Nintendo ya kuuondoa kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, na mwezi uliofuata Guasti akatangaza kwamba anaacha kuuendeleza. Kwa upande wa sheria mambo yaliishia hapo. Likabaki swali ambalo ni la kale kuliko kompyuta: mtu akimwaga jasho juu ya mali ya mwenziwe, kinachotokea ni cha nani?

Jasho lenyewe halina ubishi. Katika mchezo wa 1991, mhusika mkuu, Samus Aran, anatumwa kwenye sayari ya SR388 kuwamaliza viumbe waitwao Metroid, na tarakimu chini ya skrini inahesabu waliosalia. Mchezaji akiwamaliza wa eneo moja, ardhi hutetemeka, asidi iliyoziba njia hushuka, na pango jingine hufunguka. Yote hayo yalikuwa kwenye skrini ndogo ya vivuli vya rangi moja, bila ramani, na kupotea lilikuwa jambo la kawaida. Guasti aliuacha mtetemeko na asidi mahali pake, akayatia mapango rangi, akaongeza ramani, akaupanga muziki upya na kubuni mapambano ambayo hayakuwamo. Programu iliandikwa upya. Kilichochukuliwa ni jina, mhusika, kisa na umbo la safari.

Watetezi wa mashabiki hukimbilia kwa John Locke, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika mwaka 1689 kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu, kitu hicho huwa chake. Hoja hiyo haiwafikishi mbali. Locke alikuwa akizungumzia vitu visivyo na mwenyewe, kama matunda ya msituni, na Samus hakuokotwa msituni. Mwaka 1974 mwanafalsafa Robert Nozick aliongeza swali linalouma zaidi: mtu akimwaga kopo la maji ya nyanya baharini, je, ameipata bahari au amepoteza nyanya zake?

Wanasheria wa Kiislamu walilichambua suala hili kwa undani zaidi, katika mlango wa ghasbu, yaani kutwaa mali ya mtu bila haki. Mfano wao ni ngano iliyotwaliwa ikasagwa. Kwa Wahanafi, kitu kikibadilika hata jina lake na manufaa yake makuu yakawa mengine, haki ya mwenye ngano juu ya kitu hicho hukatika. Unga ni wa aliyesaga, naye analazimika kulipa fidia. Kwa Mashafii, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, unga unabaki kuwa wa mwenye ngano.

Shabiki hushindwa hata kwa kipimo cha Wahanafi, kilicho chepesi zaidi, na hushindwa kwa kupenda. Hataki jina libadilike; mapenzi yake ni kuiona ngano ikiwa bado ngano. Aliyesaga kweli ni Andrew Spinks, Mmarekani aliyekuwa na mchezo wa kishabiki wa Mario. Baada ya kuachana nao, alitoa mchezo wa Terraria mwaka 2011, kwa jina lake jipya na ulimwengu wake wenyewe. Umeuzwa nakala makumi ya mamilioni, na hakuna anayemdai.

Hata hivyo ngano ikisagwa huisha, na hakuna kaseti ya Game Boy iliyopungua chochote kwa sababu ya AM2R. Kinachoweza kupungua ni thamani. Mwaka 1988, mjini Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kwamba hakimiliki ni haki yenye thamani ya mali na haifai kuvunjwa. Nintendo nayo ilikuwa na la kulinda: mwaka 2017 ilitoa Metroid: Samus Returns, mchezo ule ule wa 1991 uliosukwa upya na MercurySteam ya Hispania. Kutotoza hela hakumwokoi shabiki hapa, maana sharti la hiba ni mtu atoe kilicho chake.

Utetezi ulio imara uko kwa mwanafalsafa Immanuel Kant, katika makala yake ya 1785 kuhusu wachapaji haramu. Kwake kitabu ni usemi wa mwandishi kwa umma, na kosa la mchapaji ni kusema kwa jina la mtu ambaye hakumtuma. Lakini anayekifanyia kitabu kazi upya, akakitoa kwa jina lake mwenyewe, hamsemei mtu. AM2R ulijitaja waziwazi kuwa ni toleo jingine, na hakuna aliyedhani ni sauti ya Nintendo. Jasho basi halimpi shabiki umiliki; uwazi wake kuhusu nani anasema unamwondolea jina la mwizi. Mwenye mali ana haki ya kuzuia, ila si lazima aitumie: mwaka 2012 kampuni ya Capcom iliuchukua Street Fighter X Mega Man, kazi ya shabiki wa Singapore, ikausambaza yenyewe bure.

Baadaye Guasti aliajiriwa na Moon Studios kubuni hatua za mchezo wa Ori and the Will of the Wisps, uliotoka mwaka 2020. Locke aliandika pia kwamba mabonge ya udongo wenye nyasi aliyokata mtumishi ni ya bwana wake. Haki za Ori ni za Microsoft.