Je, Hadithi ya Kubuni ni Uongo?

Wako wazazi wanaouliza swali lisilofaa kupuuzwa: je, ni haki kanisa kuwafundisha vijana kuandika hadithi za mambo ambayo hayakutokea? Amri inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Kijana wa miaka kumi na mitano anapoandika habari za watu wasiokuwapo na maneno yasiyosemwa, amefanya nini kama si kusema uongo?

Sehemu ya kwanza ya jibu si ngumu. Kudanganya ni kumfanya mwenzako aamini jambo ambalo wewe unajua si kweli. Katika Waamuzi 9, Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme. Hakuna aliyedhani kwamba miti ilifanya mkutano, lakini kila mmoja alielewa anaambiwa nini kuhusu Abimeleki. Bwana wetu naye alipomjibu mwanasheria, alimsimulia habari za mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kushukia Yeriko. Mwanasheria hakuuliza mtu huyo aliitwa nani wala anatoka ukoo gani. Aliyeulizwa ni yeye. Kwa hiyo kubuni si dhambi.

Swali gumu zaidi liko kwenye mwisho wa hadithi.

Hapa Kenya, watoto wetu huzoeshwa shuleni kuandika kisa cha kuthibitisha methali waliyopewa. Wakiambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanajua kabla ya kushika kalamu kwamba mkaidi lazima aumie. Zoezi hilo lina faida yake, kwani hufunza mpangilio na lugha. Hata diwani kama Damu Nyeusi na Tumbo Lisiloshiba, zilizowahi kutahiniwa katika kidato cha nne, wengi walizisoma wakiwinda maudhui, sifa za wahusika na muktadha wa dondoo. Kisha kijana anakuja kanisani na kukuta mpangilio mwingine ulio tayari, ule wa ushuhuda: shida, maombi, ushindi. Pote pawili anajifunza kwamba mwisho umeshaamuliwa, na kazi yake ni kuufikia.

Katika darasa letu la vijana wakati wa likizo, msichana mmoja aliandika kuhusu binti anayemwombea babake aache pombe. Anaomba kwa miaka mitatu. Hadithi inaishia usiku, binti akiwa kitandani, akisikiliza viatu vya baba vikija langoni, akijaribu kujua kwa jinsi vinavyoburuta kama leo amekunywa. Amekunywa. Binti anaamka kwenda kumfungulia.

Ilipopendekezwa hadithi hiyo isomwe siku ya Jumapili ya vijana, mzee mmoja wa kanisa alishauri mwisho ubadilishwe, baba aokoke katika mkutano wa injili. Hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema vijana wanahitaji tumaini, na aliye mchanga katika imani anaweza kusikia habari hiyo akaacha kuomba. Anayejali wanyonge wa imani hawezi kuidharau hoja ya namna hiyo.

Hata hivyo, tuangalie jinsi Maandiko yenyewe yanavyomaliza habari zake. Zaburi ya 88 ni maombi ya mtu aliyemlilia Mungu mchana na usiku, nayo inaishia gizani. Kitabu cha Yona kinaishia kwenye swali ambalo nabii hajalijibu. Na katika Luka 15, tunayoiita hadithi ya mwana mpotevu inatuacha nje ya nyumba, baba akimsihi mwana mkubwa. Je, aliingia? Yesu hakusema. Basi kama Roho wa Mungu hakuona haya kutuachia miisho ya namna hiyo, kwa nini sisi tumwonee haya binti aliyeandika alichokiona?

Hapo ndipo uongo ungeweza kuingia. Binti angeandika mwisho asiouamini ili sisi watu wazima tufurahi. Angejifunza kwamba mbele ya kanisa husemwi ulilo nalo moyoni bali linalotarajiwa. Na je, kijana mwingine aliyeketi nyuma, ambaye baba yake bado anakunywa, angeondoka na nini? Huenda angeondoka akidhani maombi ya binti wa hadithini yalikuwa bora kuliko yake.

Sisemi kwamba mwandishi kijana hana mipaka. Baba wa hadithini naye ni jirani, na amri ile inamlinda yeye pia. Nathani alipomwendea Daudi, hakuanza kwa kutaja jina la Uria. Alisimulia habari za tajiri na mwanakondoo wa maskini. Vijana nao wafundishwe kubadili majina, mahali na kazi, ili hadithi isigeuke kuwa umbea. Tena waulizwe juu ya kila mhusika, hata mbaya: huyu anataka nini? Anaogopa nini? Msichana yule alipoulizwa hivyo, aliongeza kwamba kila asubuhi baba huyo huyo humpigia bintiye viatu rangi kabla hajaenda shule. Baba akawa mtu, wala ulevi wake haukufichwa.

Na anayefundisha asiishie kusahihisha tahajia. Wakati mwingine hadithi ya kubuni ndiyo njia pekee ambayo kijana anaweza kutuambia kwamba nyumbani hapako salama. Tumuulize faraghani, kwa upole, na tuwe tayari kumsaidia kwa vitendo.

Uamuzi kuhusu mwisho aliachiwa msichana mwenyewe, naye hakuubadilisha. Mzee yule aliomba jambo moja tu, kwamba baada ya hadithi kusomwa ushirika usimame kuziombea nyumba zinazosumbuliwa na pombe. Ikafanyika hivyo. Wasikilizaji walipewa tumaini bila binti kulazimishwa kughushi.

Ndugu msomaji, kama una kijana nyumbani, someni pamoja Luka 15 mpaka mstari wa mwisho, kisha mfunge kitabu. Mwombe aandike ukurasa mmoja: mwana mkubwa alifanya nini usiku ule? Akiandika kwamba aliingia, muulize kilichomwingiza. Akiandika kwamba alibaki nje, usimharakishe kuingia. Muulize baba yuko wapi wakati huo, kisha umsikilize.