Imani ya Mtoto si Utoto

Kila Jumapili twawaona wazazi wakiwapeleka watoto wao kwa mwalimu wa dini, na tendo hilo ni jema. Lakini twadhani kwamba njia hiyo ni ya upande mmoja tu: mkubwa hutoa, mdogo hupokea. Bwana Wetu hakufundisha hivyo. Mitume walipowazuia watoto wasimkaribie, aliowakemea ni mitume.

Hapo msomaji mwenye akili ataleta shaka. Atasema: mtoto husadiki kwa kuwa hajui kitu, akiisha kuyaona mashaka ya dunia, imani yake itang'oka kama meno ya utotoni. Je, sisi wenye mvi turudie ujinga? Shaka hii si ya kudharauliwa, maana hata Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorinto kwamba mtu mzima huyaacha ya kitoto.

Tumtazame basi Kizito. Alikuwa mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, umri wake yapata miaka 14. Kwa kanuni ya Wamisionari wa Afrika, mtu alikaa katika mafundisho miaka 4 kabla ya kubatizwa, na kanuni hiyo ilikuwa na busara, kwa kuwa wengi huingia kwa haraka na kutoka kwa haraka. Kizito aliomba ubatizo, akaambiwa angoje. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, huko Munyonyo, hatari ya kifo ilipokuwa imekwisha kuwafikia, Karoli Lwanga alimbatiza yeye na wenzake watatu. Tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Kupaa Bwana, Kizito akachomwa moto huko Namugongo, siku ile ile aliyouawa Lwanga. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Nani atasema kwamba kijana huyo hakujua? Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa watumishi wa jumba lile lile, alikuwa amekwisha kuuawa. Kizito aliijua vema bei ya imani; ila hakukaa kuipunguza. Hapo ndipo tunapoachana naye. Sisi wakubwa twamwendea Mungu kama tuendavyo sokoni: twatoa sadaka, kisha twangojea mvua, twaweka nadhiri, na mtoto asipopona twaacha kusali. Twaita tabia hiyo ukomavu. Na kusema kweli, mambo ya kitoto aliyoyaacha Mtakatifu Paulo, mengi tumebaki nayo sisi wenyewe: kununa kwa kukosa cheo katika kamati ya parokia, kuikimbia jumuiya kwa neno moja tulilosikia vibaya.

Kanisa nalo limejifunza katika jambo hili. Zamani, katika nchi nyingi, mtoto alingojeshwa Komunyo ya kwanza mpaka miaka 12 au 14. Papa Pius wa Kumi, kwa amri ya tarehe 8 Agosti 1910, aliagiza wapokelewe wafikapo umri wa kutambua, yaani yapata miaka 7. Yatosha mtoto ajue kwamba mkate huu si mkate wa kawaida.

Baba mmoja alinisimulia habari iliyomkosesha usingizi. Alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake, mwaka wa tatu sasa, wala hawakusalimiana. Jioni moja jamaa nzima walisali Baba Yetu. Walipofika penye kusameheana, binti yake mdogo akanyamaza, akamtazama, akamwuliza kwa adabu: "Baba, na mzee wa ng'ambo ya mto tumsamehe leo, ama tuliruke neno hili mpaka kesi iishe?"

Mama yake akamkaripia kwa kukatiza sala. Baba akasema mwacheni, wakaendelea. Lakini yeye sauti yake haikusikika tena jioni ile. Kulipopambazuka alichukua fimbo yake, akavuka mto.