Ni Mbwa Tu

Kuna misiba ambayo watu huifahamu, na kuna misiba ambayo watu huicheka. Mtu akifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, majirani huweka chini majembe yao wakaja kukaa naye. Akifiwa na ng'ombe wa maziwa, humpa pole kwa hasara iliyompata. Lakini akifiwa na mbwa, na huzuni ikaonekana usoni pake, wengi hawajui la kumwambia, na wengine humwambia maneno mepesi: "Ni mbwa tu." Nataka tuyachunguze maneno hayo pamoja, msomaji, kwa kuwa nimepata kuambiwa na wengine, na, kwa aibu yangu, nimepata kuyasema mwenyewe. Kisha nataka tuulizane swali lililo nyuma yake: je, mtu aliyempoteza mbwa aliyempenda hufanya vema kumchukua mwingine?

Mbwa wangu aliitwa Simba. Jina lilikuwa kubwa kuliko mwili wake, kwani alikuwa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililopasuka. Kwetu ni katika milima ya Taita, ambako mashamba hupakana na vichaka, na nyani hushuka mchana kuvuna mahindi wasiyoyapanda. Kwa miaka 9 Simba alililinda shamba letu. Asubuhi alinisindikiza hadi njia panda nilipokwenda kazini, na jioni nilimkuta pale pale. Binti yangu alijifunza kusimama kwa kushika manyoya ya shingo yake. Hakuwa na sifa za ajabu. Hakumwokoa mtu motoni wala hakumkamata mwizi mashuhuri. Alikuwapo tu kila siku, nami nikamzoea hata nikaacha kumwona.

Ikatokea, katika majuma ya kwanza ya muhula, Simba akakataa chakula. Fizi zake zilikuwa zimepauka, na kupe walikuwa wamejaa masikioni. Mke wangu aliniambia nimwite daktari wa mifugo. Nilipiga hesabu yangu: karo, mbolea, nauli. Nikamjibu, "Ni mbwa tu, atapona mwenyewe." Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne daktari akaja. Alimtazama, akanieleza kwamba kupe humwambukiza mbwa maradhi yanayoharibu damu, na kwamba mara nyingi maradhi hayo hutibika yakiwahiwa mapema. Hakunilaumu. Usiku ule ule Simba alikufa. Tulimzika chini ya mparachichi, ukingoni mwa shamba alilokuwa akililinda.

Kesho yake mwalimu mwenzangu alinikuta nimekaa kimya, akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza alitabasamu, si kwa ubaya, akasema, "Ni mbwa tu." Maneno yale yalinichoma. Hayakunichoma kwa ugeni wake, bali kwa sababu yalikuwa yangu mwenyewe, yamenirudia.

Sasa tuyapime. Yana maana mbili, moja ya kweli na moja ya uongo. Maana ya kweli ni kwamba mbwa si mtu. Nyumba ikiwaka moto, nami naweza kutoa kiumbe kimoja, nitamtoa mtoto nimwache mbwa, na asiyefanya hivyo amepotewa na akili. Maana ya uongo ni kwamba asiyekuwa mtu hatudai kitu, na kwa hiyo maumivu yake si maumivu, na kifo chake si kifo. Uongo huu umejificha katika neno dogo kabisa, neno "tu." Litazame neno hili, msomaji, utaona jinsi lilivyo hodari kufunga milango. Watu husema, "Ni mtoto tu," ili wasimsikilize. Husema, "Ni mtumishi tu," ili wasimlipe kwa wakati. Husema, "Ni maskini tu," ili wasiinuke vitini. Mimi nilisema, "Ni mbwa tu," ili nisiifungue mfuko. Mtu hutumia neno hilo pale anapojua ana wajibu, naye hataki kuutimiza.

Huenda ukadhani kwamba kumhurumia mbwa ni anasa ya watu walioshiba. Basi sikiliza habari hii. Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la kale la mwanamume na mwanamke. Pamoja nao palikuwa na mifupa ya mbwa mchanga. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Waliochimba kaburi lile hawakuwa na shamba, wala zizi, wala ghala, bali waliishi kwa kuwinda. Wataalamu walipoyachunguza meno ya mbwa yule tena, na kutangaza matokeo yao mwaka 2018, walisema kuwa alipatwa na ugonjwa mzito akiwa mtoto, akaugua kwa majuma kadhaa, na kwamba asingeweza kuishi muda ule pasipo kulishwa, kunyweshwa na kutunzwa na watu. Mbwa mgonjwa hawindi wala halindi. Watu wale walimtunza wakati ambapo hakuwa na faida yoyote kwao. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka siku zangu nne, nikaona haya mbele ya watu wa zama za mawe.

Nina jirani Mwislamu, mzee wa heshima, ambaye hamgusi mbwa kwa ajili ya tohara yake. Nilidhani yeye ndiye wa mwisho kunipa pole. Kumbe alikuja siku ya pili, akaketi barazani, akasema, "Pole, mwanangu. Nilikuwa nikimsikia usiku, nami nikilala salama." Kisha akanikumbusha hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamghufiria dhambi zake. Mzee yule hampendi mbwa kama nilivyompenda mimi, lakini alijua kwamba kiumbe mwenye kiu ana haki ya maji. Hapo nilijifunza kwamba haki ya mnyama haitegemei mapenzi yetu kwake. Mimi nilimpenda Simba nikamcheleweshea daktari.

Kwa hiyo, kijana, ukimwona mdogo wako akilia kwa ajili ya mbwa, usimcheke. Ikiwa mwenye kulia ni wewe, usione aibu. Wahenga walinena, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Huzuni yake haimwondolei mtu kazi yake, mimi nilifundisha vipindi vyangu vyote siku ile, na ndivyo ilivyopasa. Lakini kuficha huzuni mpaka moyo ukauke si ushujaa.

Baada ya miezi miwili swali la pili lilikuja mlangoni kwangu ndani ya kikapu. Mbwa jike wa jirani wa upande wa juu alikuwa amezaa watoto watano, naye jirani alituletea mmoja, mweusi mwenye kifua cheupe. Binti yangu alimtazama, akasema, "Huyu si Simba," akaingia ndani. Nilimwomba jirani amrudishe kwanza kwa mama yake, anipe juma moja nifikiri. Katika juma hilo nilizipima sababu nne za kukataa.

Sababu ya kwanza ilisema kwamba kuchukua mbwa mwingine ni kumhaini yule wa kwanza. Wenye kuisema hupenda kutoa mfano wa Hachiko, mbwa wa Japani. Bwana wake, Profesa Ueno, alifariki ghafla kazini mwezi wa Mei mwaka 1925, na mbwa yule akaendelea kwenda kumngojea katika stesheni ya Shibuya mjini Tokyo hadi alipokufa mwenyewe mwezi wa Machi mwaka 1935. Walimjengea sanamu angali hai. Mfano huu wagusa moyo, lakini tuufikiri vizuri. Hachiko alingoja kwa sababu hakuna aliyeweza kumweleza kwamba bwana wake hatarudi. Sisi twajua. Mbwa asiyejua akingoja, kungoja kwake ni uaminifu. Mtu anayejua akiuacha mlango wazi kwa ajili ya marehemu na kuufunga kwa walio hai, hamfaidii aliyekufa hata kidogo. Simba hakuwa amenitaka nisimpende mwingine. Alitaka chakula, maji, na mkono juu ya kichwa.

Sababu ya pili ilisema, "Huyu naye atakufa." Ni kweli. Mbwa akitunzwa vema huishi miaka kumi au zaidi kidogo, na mtu amchukuaye mtoto wa mbwa huchukua pamoja naye huzuni ya baadaye. Lakini sababu hii ikishinda hapa, itashinda kila mahali. Mtu ataacha urafiki kwa kuwa rafiki huhama, na ataacha kuwapenda wazazi kwa kuwa wazazi huzeeka.

Sababu ya tatu ilikuwa ya fedha, nayo haistahili kudharauliwa. Karibu nasi wako watoto walalao bila chakula cha kutosha. Ikiwa gharama ya mbwa itaondoa kitabu mkononi mwa mtoto, basi mbwa asiletwe, na hakuna wa kumlaumu aliyekataa. Mimi niliona kwamba ugali wa ziada na mifupa twavipata, na kwamba shamba lisilo na mbwa lilikwisha kupoteza mahindi mengi kwa nyani. Kila nyumba na ipige hesabu yake, mradi isiwe hesabu kama ile niliyoipiga kwanza, inayokumbuka karo, mbolea na nauli ikamsahau mgonjwa.

Sababu ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi. Ilisema, "Wewe hustahili mbwa." Nilikaa nayo siku nyingi kuliko zote. Mwanzoni nilidhani kukataa ni adhabu inayonifaa. Kisha nikajiuliza: adhabu hii yamfaa nani? Haimfufui Simba, na yule mtoto kikapuni atapewa mtu mwingine, pengine mzembe kuliko mimi. Lakini nikaogopa na upande wa pili, kwamba nitamchukua ili nijisafishe moyo, nimfanye kipande cha sabuni. Hilo nalo ni kosa, kwani yule mdogo hakuzaliwa ili alipe deni langu.

Hatimaye niliona kwamba sababu zote nne zilikuwa zikitazama mahali pasipofaa. Zilimtazama Simba, ambaye ameondoka, au zilinitazama mimi. Hakuna iliyomtazama aliye ndani ya kikapu. Swali la haki ni hili: kiumbe huyu ahitaji nini, nami naweza kumpa kwa miaka kumi? Jibu lake laweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Ahitaji chakula na maji kila siku. Ahitaji kutolewa kupe, na kuitiwa daktari siku ya kwanza, si ya nne. Ahitaji kutofungwa mnyororo mchana kutwa, na kutoachwa azurure ovyo vijijini. Ahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Na hapa wajibu wake ni wajibu kwa jirani pia, maana ugonjwa huo ukisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, ni nadra mno apone. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyoletwa na mbwa wenye kichaa ifikapo mwaka 2030, na wataalamu hushauri mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe ili ugonjwa usienee. Asiyeweza kuyatimiza haya, na asimchukue, hata kama moyo wake wamtamani sana. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," na wengi humchukua mtoto wa mbwa kwa kinyemi, kisha humwacha kikisha kuisha.

Sisi tulimchukua. Nilimwomba binti yangu ampe jina, nikimwonya kwamba asimwite Simba. Alifikiri, akamwita Mgeni. Kwa juma zima hakumgusa. Siku moja nilimkuta ameketi chini ya mparachichi, na Mgeni amelala juu ya miguu yake. Alikuwa akimsimulia habari za Simba. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Nilipita kimya kimya.

Kila Jumamosi jioni humkagua Mgeni masikio, na tarehe za chanjo yake nimeziandika nyuma ya daftari langu la mahudhurio. Wapitao njia huniona nimeinama na taa mkononi, na wako wasemao, "Mwalimu, huyo ni mbwa tu." Huwajibu kwamba ni kweli, ni mbwa, nami naendelea kutafuta kupe.