Kama Huna cha Kuficha, Mlango wa Nini?



Kila tukigusia habari za simu kwenye vikao vya VIWAWA, lazima atokee mmoja aseme: "Frateri, mimi sina cha kuficha, acha wanifuatilie tu." Inasikika kama kauli ya mtu mwenye dhamiri safi. Mimi naona inachanganya siri na uovu.

Bafuni tunafunga mlango. Kwenye kitubio tunanong'ona. Yesu mwenyewe, Mathayo sura ya 6, anatutuma chumbani tukasali mlango umefungwa, na sidhani kama alishuku sala zetu ni za aibu. Kanisa nalo limeliweka kisheria: Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Haisemi "mtu asiye na dhambi".

Mwaka 2021 huko Marekani, padre aliyekuwa katibu mkuu wa Baraza la Maaskofu alijiuzulu. Chombo kimoja cha habari za Kikatoliki kilikuwa kimechambua data za mahali zilizokusanywa na programu ya simu, kikasema ni za simu yake. Hakuna aliyehitaji kudukua chochote, maana data za aina hiyo huuzwa kama mchele. Wapo waliosema mchungaji aishi anachohubiri, na hoja hiyo siidharau hata kidogo. Lakini Katekisimu, namba 2477, inamhesabia kosa anayefunua makosa ya mwenzake, hata yakiwa ya kweli, kwa wasioyajua, pasipo sababu ya haki. Tuseme sababu ilikuwepo. Inabaki njia: ghala la nyendo za watu halina mtu mmoja tu ndani yake, na ili umfikie huyo mmoja unapekua na wasiohusika.

Utaniambia, mbona Mungu anatuona saa zote? Anatuona, ndiyo. Ila anatuona kama aliyetuumba na kutupenda, wala hamuuzii mtu alichokiona. Jeremy Bentham, yule Mwingereza tuliyemsoma falsafa, alibuni gereza ambalo mfungwa hajui ni saa ngapi anatazamwa, basi anajichunga muda wote. Gereza kama hilo linaweza kutoa watu watulivu. Watu wema sijui, kwa sababu anayeacha kuiba kwa kuogopa kamera bado hajachagua kitu.

Sasa tufanyeje? Kwanza, aisee, ile hali fiche ya kivinjari isikudanganye: inafuta historia kwenye simu yako, lakini tovuti na mtandao unaoutumia bado wanaweza kukuona. Tovuti ikiomba ruhusa ya vidakuzi, tafuta kitufe cha kukataa, hata kama kimefichwa pembeni. Zima ruhusa ya mahali kwa programu isiyoihitaji.

Kubwa zaidi kwangu ni namba za watu. Zipo programu za mikopo ambazo zikishapewa orodha yako ya namba, ukichelewa kulipa wanampigia shangazi, mwalimu wako wa kwaya, hata paroko, kukuaibisha. Ulipobofya "Ruhusu" uliona unatoa cha kwako. Shangazi hakukopa, wala hakuulizwa. Kabla hujalala leo, fungua mipangilio ya simu uone ni programu zipi zinasoma namba za watu, na kama ile ya tochi nayo imo, ifute.