Kazi Haikwishi Siku ya Malipo

Kijana wa Kisauni, Mombasa, huunda programu ya zahanati ya Likoni au ya chama cha akiba Changamwe, akalipwa, akaenda zake. Kila mstari unapobadilishwa, programu hujijenga na kujipima yenyewe, na katika ujenzi huo mna vipande vya watu asiowajua, alivyovichukua bure. Mwanangu, kipande ulichokiingiza katika kazi ya mteja kimeshakuwa dhamana yako.

Mwenye zahanati haijui GitHub, mtandao ambako programu huhifadhiwa na kujengwa. Hana habari kwamba tarehe 30 Januari 2025 toleo la tatu la upload-artifact, kipande cha kuhifadhia faili, lilizimwa, na ujenzi uliolitegemea ukakwama. Tangazo lilikuwa limetoka tangu mwaka uliotangulia.

Na kukwama ni afadhali kuliko kuibiwa. Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani iliarifiwa mwezi Machi kuhusu tundu la usalama katika Apache Struts, kipande cha bure ilichokitumia, na dawa yake ilikwisha kutolewa. Haikuitia kila mahali. Mei wezi wakaingia, na habari za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Watu wale walikuwa wamekosa nini?

Lakini usikimbilie kupokea kila kipya ukiwa umefumba macho. Machi 2025 wadukuzi walikiteka kipande kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na miradi zaidi ya 23,000. Waligeuza lebo za matoleo, hata ya zamani, zielekee kwenye msimbo wao, nao ukawa unamwaga nywila na funguo katika kumbukumbu za ujenzi. Aliyeandika lebo tu alimkaribisha mwizi. Aliyefunga kipande kwa alama kamili ya tarakimu na herufi 40, ya badiliko alilolikagua mwenyewe, alisalimika.

Basi iachie Dependabot, roboti ya GitHub ya kufuatilia matoleo mapya, ikuletee mapendekezo kila wiki, kisha ukae uyasome. Rangi ya kijani ya ujenzi uliofaulu isikutoshe: tazama kilichobadilika na nani amekibadilisha. Ujenzi usiupe ruhusa usiyoihitaji.

Na siku ya kupatana bei, sema wazi kwamba matunzo yana gharama yake. Wengi huona haya, wakichelea kuikosa kazi. Semeni, wanangu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye zahanati azilinde habari za wagonjwa wake, na zikivuja ataulizwa yeye. Ukiacha kazi, mwachie atakayekufuata orodha ya vyote unavyovitegemea, na funguo zako zifutwe siku hiyo hiyo.